Pamba Shavuni mwa Baba

Siku tuliyomzika baba hakuna aliyemwita Sharifu. Imamu alimtaja kwa jina lake na la baba yake, Hamidi bin Saidi, akawaambia watu wamwombee, nao wakamwombea kama ambavyo wangemwombea fundi wa cherehani yeyote aliyeishi Durban miaka thelathini bila kugombana na mtu. Niliyasikia hayo kwa kipaza sauti, upande wa wanawake, nimekaa na Mama Furaha, jirani yetu wa zamani, Mkongomani wa Uvira na Mkristo wa kanisa la uamsho, aliyekuja na fimbo yake na mtandio mweusi alioufunga kombo kwa heshima ya msikiti. Alisikiliza kidogo, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ambayo hajawahi kujifunza kuipunguza: "Zuhura, mbona banasema Hamidi, Hamidi? Sharifu iko wapi?" Wanawake wawili wakageuka kututazama. Nilimnong'oneza kwamba nitamweleza baadaye. Yeye ndiye mtu pekee mjini aliyeendelea kumwita baba hivyo hadi mwisho, maana siku zote aliamini ni jina alilopewa na wazazi wake.

Ningeweza kumjibu palepale, kwa sababu najua jina lile lilikwenda wapi. Nililiondoa mimi, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na nne, kwa maneno ambayo hayakuchukua dakika mbili. Sasa mvi zimenianza, ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na kila mwaka nikifika sura ya urithi wanafunzi huniona nikienda mbio mbio kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Jinsi tulivyofika Durban, na habari za marehemu mama, nayaacha. Ninachotaka kukisimulia ni mwaka ule mmoja, katika vyumba viwili vya ghorofa ya tisa, Albert Park, ambamo tuliishi sisi upande mmoja na Mama Furaha na wanawe watatu upande wa pili, tukiwa tumetenganishwa na kabati la nguo na pazia la maua ya njano. Jiko lilikuwa la wote. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo jingine, na kwenye ukuta huo mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu jina la mwanamke ambaye hatukumjua. Nililisoma jina hilo kila siku nikiosha vyombo, na leo silikumbuki.

Upande wetu, juu ya meza ya baba, palining'inia shajara. Kwa asiyejua, shajara ni mti wa ukoo, na wa kwetu ulikuwa ukoo wa masharifu, watu wanaojihesabu kuwa ni kizazi cha Mtume. Ulichorwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, zamani sana, ukahamia Unguja pamoja na babu zetu, kila kizazi kikiongeza majina yake, na asili yake ilibaki huko kwa Shangazi Mwanaidi. Baba alisafiri na fotokopi tu, karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi ya utepe, nyeusi na nyeupe, imefifia kwenye mikunjo. Kila jina lilikuwa ndani ya duara dogo lililochorwa kama jani, kwa herufi za Kiarabu. Baba hakuwa na haja ya kuzisoma. Alikuwa ameikariri nasaba yake tangu chuo cha Kurani, na kila Alhamisi baada ya Magharibi aliitaja mfululizo, kutoka kwake kupanda juu, bin fulani bin fulani. Alipofika wa saba, aliyeandikwa kwa lakabu tu, Mwenye Baraka, alivuta pumzi ya pili kisha akaendelea mpaka mwisho. Nilipokuwa mdogo nilidhani Mwenye Baraka amewekwa pale makusudi ili msomaji apumzike.

Baba alitengeneza cherehani. Mafundi nguo wa soko la Warwick, Wazulu kwa Wakongomani, walimletea vichwa vya mashine vimefungwa kwenye mashuka, naye alivifungua mezani akapanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa. Vidole vyake havikuacha kunuka mafuta ya cherehani hata aoge vipi. Na mkono huo ndio uliobusiwa na watu. Ijumaa msikitini vijana wa Tanga na Lamu, wafanyabiashara wenye maduka, hata mtu aliyemzidi umri, walimshika mkono wakainama wakaubusu, kisha wakanyanyuka na harufu ya mafuta puani. Hakujitukuza kwa hilo, nasema haki. Lakini siku ya Ijumaa alikuwa mrefu zaidi kuliko siku nyingine, na akirudi nyumbani alikula vizuri.

Alikula wali. Mchana wali, jioni wali, na kama mchele umekwisha alikula mkate kwa uso wa mtu aliyeonewa. Mama Furaha, aliyekuwa akisonga fufu, ugali wao wa muhogo, kwenye sufuria ileile kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, hakumwachia. "Sharifu, weye unakula muchele tupu! Muchele kila siku! Utaota majani mu tumbo." Baba alimjibu kwamba fufu ni gundi, na yeye gundi anaitumia kubandika mikanda ya mashine. Wakacheka, baba akampelekea samaki, naye akamletea baba pilipili. Nakumbuka hayo kwa sababu baadaye, nilipojua nilichokijua, nilimtazama akila wali nikafikiri upuuzi wa kila aina, kana kwamba mpunga unaweza kukaa katika damu ya mtu.

Kazi niliipata mwanzoni mwa mwaka. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu, Dokta Nomusa, mwanamke wa Kizulu mwenye miwani ya kamba na kicheko cha ghafla, alikuwa akikusanya vinasaba vya wanaume waliohamia Durban kutoka kila pembe ya bara, na alihitaji mtu wa kuwaeleza Waswahili. Alinifundisha kwa Kiingereza cha taratibu, nami nikakigeuza kiwe Kiswahili cha ghorofani kwetu. Kila mwanamume, niliwaambia, anabeba kipande kidogo cha urithi alichopewa na baba yake, naye alipewa na baba yake, na wanawake hawakibebi kabisa. Kinanakiliwa kama kilivyo, ila mara mojamoja linaingia kosa dogo, na kosa hilo linawafuata wote watakaotoka kwa mtu yule. Kwa kusoma makosa hayo, wataalamu wanajua ni wanaume gani wana babu mmoja, na babu huyo aliishi pande zipi za dunia. Unachotakiwa ni kusugua pamba ndani ya shavu, basi. Hakuna damu, hakuna sindano. Atakayetaka kujua majibu yake ataweka alama kwenye kisanduku, na majibu yatakuja kwenye bahasha iliyofungwa.

Hakuna aliyekubali. Katika jengo letu watu wengi waliishi kwa vibali vya kuhuishwa kila baada ya miezi michache, na pamba inayoingia mdomoni mwa mkimbizi haikuonekana kuwa na nia njema. "Bale bantu ya mapapier njo batatafuta namna ya kuturudisha," alisema Mama Furaha, akiwa na maana ya watu wa vibali, akiwasemea wote waliokuwa wamejaa ukumbini chini, karibu na lifti mbovu. "Mate yangu banataka ya nini? Eish, Zuhura, weye mutoto muzuri, lakini hapana." Nilisimama pale na sanduku la vijiti vya pamba. Ndipo baba aliposhuka ngazi za ghorofa zote tisa, na kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafungua mdomo mbele ya watu. "Nisugue, mwanangu," akasema. Nilipomaliza, akachukua kalamu mwenyewe akaweka alama kwenye kisanduku cha kutaka majibu. "Mimi sina cha kuficha. Watakachokikuta, wakisome hadharani." Nikaandika namba kwenye kijichupa kwa mkono wangu: kumi na saba. Kwa nini kumi na saba na si moja, ni kwa sababu Dokta alikwisha kupata kumi na sita kwingine, Warwick. Nyuma ya baba wakajipanga wanaume. Sharifu katoa, walisema, sisi ni nani tusitoe? Kazi yangu ya mwaka mzima ilisimama juu ya kile kiti cha plastiki.

Katika mstari ule alikuwamo Ramazani. Alikuwa kijana wa Kasongo, Kongo, Mwislamu kama wengi wa kwao, akiendesha mashine ya kupandisha mizigo katika ghala moja la Clairwood, mpole kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani hasikii vizuri. Aliposugua pamba aliniuliza kama inauma. Nikamwambia ni yeye anayesugua, anipe jibu yeye. Tukacheka, na kucheka huko kukaendelea miezi mitatu, kwenye ngazi, kwenye foleni ya teksi, kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, ambapo ikiwaka ya kijani sisi tunabaki tumesimama. Nilimpenda. Sitaki kulizunguka neno hilo. Nilimpenda, na bado nampenda, na habari hii ingekuwa nyepesi zaidi kama sivyo.

Washenga wake walikuja Jumapili moja asubuhi, wazee wawili wa mkoa wa kwao, Maniema, wenye makoti. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la njano, upande wa Mama Furaha, ambaye alikuwa akimsuka mwanawe nywele na kujifanya hasikii. Niliwasikia wakimsifu kijana wao: kazi anayo, swala anaswali, pombe hajui harufu yake. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Wazee wangu, kijana ni mzuri. Nasema mbele ya Mungu, ni mzuri kuliko wengi. Lakini mimi sina kauli hapa. Kauli ni ya hao." Nikajua ameinua kidole kuelekea ukutani. Binti wa kisharifu haolewi na asiye sharifu. Ndiyo mila, na baba hakuiita mila, aliiita amana. "Nikimpa, kuanzia kwangu mti umekatika. Sina mtoto wa kiume. Huyu ndiye aliyebaki. Mnataka niwe mimi wa kuukata?" Mmoja wa wazee akasema, "Ah non, Sharifu, tumeelewa." Wakamaliza chai yao. Mama Furaha alinitazama huku akisuka, akasema kwa ile anayoidhani ni sauti ya chini: "Sasa ile karatasi njo inaoa ao ni bantu?"

Ramazani alisema atangoja. Mimi sikuwa na tabia hiyo. Nilimnunia baba kwa wiki nzima, nikampikia wali bila kuongea, naye akala bila kulalamika. Nilijua hatabadilika, na nilijua ananipenda, na hivyo viwili nilishindwa kuviweka katika sahani moja.

Majibu yalifika mwishoni mwa baridi. Sikupaswa kuyaona. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha fomu na namba, ili bahasha ziandikwe, lakini orodha ilikuwa wazi kwenye kompyuta ya Dokta Nomusa na yeye alikuwa ametoka kwenda kujibu simu. Jicho langu lilikwenda moja kwa moja kumi na saba. Mbele ya namba za jirani zake zilikuwapo herufi nilizokwisha kuzizoea, za koo zenye asili ya Afrika, nyingi zikiwa ni E. Mbele ya kumi na saba palikuwa na O. Nilidhani ni sifuri. Dokta aliporudi nilimwuliza, kwa sauti ya mtu asiye na hili wala lile, O ni watu gani. Akafurahi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Akasogeza miwani, akanionyesha kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, na kidole chake kikaanza safari.

O, alisema, ni ukoo wa kuumeni ambao wataalamu wengi wanaona chimbuko lake ni Asia ya Mashariki, pande za China ya leo, maelfu mengi ya miaka nyuma. Leo ndio ukoo wa wanaume wengi kabisa huko, Wachina, Wakorea, Wavietnamu, na sehemu kubwa ya Wajapani. Ulitawanyika pamoja na watu waliolima mpunga na mtama, mabonde kwa mabonde, watoto wakiongezeka na kutafuta mashamba mapya. Matawi mengine yalikwenda kusini mpaka pwani, yakavukia Taiwani, yakashuka Ufilipino na Borneo, kisiwa baada ya kisiwa. Kisha watu wa visiwa hivyo, waliojua kufunga mbawa za mbao ubavuni mwa chombo ili kisipinduke, wakavuka bahari yote mpaka Madagaska, na baadhi yao wakafika Ngazija. Kidole kikasimama kwenye visiwa vinne vidogo. "Huyu bwana wa namba kumi na saba, tawi lake ni hilo la visiwani," akasema. "Sijawahi kumpata mmoja hapa Durban." Nikamwuliza kama inawezekana mtu huyo akawa, kwa kuumeni, ametoka Uarabuni. Akatikisa kichwa. Kwa mstari huo wa baba kwa baba, hapana. Halafu akasema neno ambalo nililisikia vizuri na nikaliacha mlangoni pake: "Lakini kumbuka, Zuhura, huo ni uzi mmoja tu katika kanga nzima. Mtu ana mababu na mabibi maelfu. Hii inamsema mmoja." Nilishuka ngazi za chuo nikihesabu. Sikuwa nikihesabu mababu. Nilikuwa nikihesabu siku mpaka Jumapili.

Maana Jumapili hiyo washenga walikuwa wameahidi kurudi. Walirudi, na baba aliwajibu vilevile, kwa chai ileile. Walipoondoka alirudi mezani kwenye kichwa cha mashine nyeusi ya fundi mmoja wa Warwick, akawa anatia mafuta tone moja moja. Mchana ulikuwa mweupe, redio ya Mama Furaha ikiimba kwaya upande wa pili. Nilisimama mbele yake, nikayasema. Nilisema nimeona majibu yake kabla hayajatiwa kwenye bahasha. Nilisema babu zake wa kiume hawakutoka Uarabuni, walitoka Uchina na visiwa vyake, walikuwa wakulima wa mpunga, na ule mti ukutani ni hadithi ya watu waliotaka ukubwa. Nikasema, "Unaninyima mume kwa ajili ya fotokopi." Hilo la mwisho nililitunga kwenye ngazi na nililipenda sana. Sikumwambia habari ya uzi na kanga.

Baba aliweka kopo la mafuta chini. Hakukasirika, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tu. "Namba ni yangu?" akauliza.

"Kumi na saba."

"Umeiandika kwa mkono wako?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni yangu. Wewe hukosei namba." Akajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. Akauliza watu hao ni wa wapi hasa, nikamweleza safari yote kama nilivyoelezwa, mabonde na visiwa na vyombo vyenye mbawa, na nikajisikia sauti yangu ikipungua kila kisiwa. Alisikiliza kama alivyowasikiliza washenga, mpaka mwisho. "Wametoka mbali," akasema. Akapanda juu ya kiti, akabandua zile karatasi nne polepole ili ukuta usichubuke, akazikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, akaziweka ndani ya droo pamoja na sindano zilizovunjika. Kisha akasema niwaite wale wazee. Hakuwa tena na sababu ya kumkataa kijana wa watu.

Yaliyotokea Ijumaa iliyofuata nilisimuliwa na Ramazani, aliyekuwa nyuma yake katika safu. Swala ilipokwisha, mtu wa kwanza alimshika baba mkono akainama. Baba akauvuta. Akauvuta kwa wa pili, na kwa wa tatu akasema, kwa sauti ya kawaida iliyosikika kote: "Ndugu zangu, nimepata habari kuhusu asili yangu. Mimi si sharifu. Nilipokea heshima yenu bila haki, mnisamehe. Jina langu Hamidi." Watu walidhani anaumwa. Walimfuata nje, wakambembeleza, wengine wakasema karatasi za chuo ni fitina. Yeye alishika lake. Alikuwa mtu wa kusoma kilichoandikwa na kukifuata, na alikuwa ameahidi mbele ya jengo zima kwamba kisomwe hadharani. Miezi miwili baadaye hakuna aliyebusu mkono wake, na mwaka ulipokwisha wageni wapya mjini hawakujua kwamba uliwahi kubusiwa.

Niliolewa kabla ya mwaka kwisha. Wali ulipikwa kwa masufuria ya kukodi, fufu ikasongwa, Mama Furaha akacheza mpaka watu wa ghorofa ya nane wakagonga dari yao. Baba alitoa idhini kwa maneno kamili na akampa Ramazani mkono. Siku chache baadaye, tukiwa Clairwood katika chumba chetu kilichonuka dizeli ya malori, mume wangu aliniambia jambo moja, hakulirudia tena maishani: "Zuhura, ile papier ya ukutani ungeiacha. Miye nilikuwa nangojea, vraiment, kweli kabisa. Ningengojea tu." Nilimjibu kwa ukali kwamba tungengoja mpaka tuzeeke. Sasa tumezeeka.

Kwa miaka yote iliyofuata nilijituliza kwa neno moja: kweli. Nilisema moyoni kwamba nilimpa baba kweli, na kweli haina mwenye kulaumiwa. Nilisoma, nikapata shahada, nikawa mwalimu wa mambo hayohayo. Kadiri nilivyosoma ndivyo uzi ule mmoja ulivyozidi kuwa mwembamba na kanga ikazidi kuwa pana, na mara nyingi nilifika kwake Albert Park nikiwa nimekusudia kumweleza. Nilimkuta anatia mafuta mashine. Tuliongea habari za watoto, bei za vitu, mguu wake. Alikuwa mchangamfu, nisimsingizie. Ila Ijumaa alikuwa na urefu uleule wa siku nyingine, na Alhamisi baada ya Magharibi alikaa tu.

Hitima ya arobaini tuliifanya wiki iliyopita, katika vyumba vilevile. Asubuhi yake Shangazi Mwanaidi alipiga simu kutoka Unguja. Ana miaka themanini na kitu na sauti ya msichana mwenye haraka. Alitaka nasaba ya kaka yake isomwe hitimani. Nilimwambia karatasi ya baba imeliwa na unyevu drooni, na kwamba tangu zamani baba mwenyewe hakutaka isomwe. "Najua," akasema. "Aliniletea barua nimfute. Nikadhani kagombana na watu wa huko, hasira zitamwisha. Ngoja mjukuu akupigie picha ya ile yenyewe." Picha ikaja. Nilikuwa sijawahi kuiona shajara ile katika rangi zake. Majani yalikuwa ya kijani hafifu, wino mweusi uking'aa bado. Na maduara mawili tu katika mti mzima yalikuwa mekundu. La kwanza lilikuwa karibu na kilele, na huyo namjua, kila Mwislamu anamjua: binti wa Mtume, ambaye ukoo wote umepitia kwake. La pili lilikuwa la saba kutoka chini. Mwenye Baraka.

Nikampigia shangazi tena, nikamwuliza wekundu ule una maana gani. Akacheka. "Hee, nawe mwalimu! Mwekundu ni mwanamke. Mwenye Baraka alikuwa bibi yetu. Aliolewa na Mbuki, mtu wa Madagaska, fundi wa ngalawa, mgeni asiye na ukoo unaojulikana pale. Wazee walikataa mpaka wakachoka. Alipozaa, watoto wakaandikwa kwa mama, maana kwetu Ngazija nyumba ni ya mama. Wanawake wote wa nyumba hii wanaijua habari hiyo. Wanaume walikuwa wakikariri tu, chuoni hawaulizi rangi." Nilimwuliza kama baba alijua. "Barua yake haikutaja sababu, mwanangu. Angeniambia sababu, ningemwambia."

Nilibaki jikoni na simu mkononi. Ugomvi wetu wote wa mwaka ule, wangu na wake, ulikuwa umekwisha kuamuliwa humo ndani kwa wino mwekundu, na fotokopi ikaugeuza mweusi. Mimi nilikuwa sawa na pamba yangu, iliyomsoma Mbuki, na yeye alikuwa sawa na mti wake, uliomwandika mke wa Mbuki. Kulikuwa na mwanamke aliyeolewa na aliyemtaka, na mti haukukatika. Nililia, nikiwa nimesimama mbele ya sinki, kwa sauti.

Mama Furaha aliingia na fimbo yake, akatazama simu, akaichukua akaisogeza mbali na macho. Herufi za Kiarabu hazijui, wala karibu hazioni. "Hii njo ile karatasi yake?" akauliza. "Ile ya zamani?" Nikaitika. "Na yeye iko wapi humu?"

Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikashuka kutoka duara jekundu, wa sita, wa tano, mpaka chini, nikaweka kidole kando ya jani la mwisho. Lilikuwa safi, halina mkwaruzo. Alikuwapo hapo miaka yote, kwa wino mweusi, jina lake na cheo chake, Sharifu Hamidi. Hakuna aliyemfuta ila mimi.